Chumvi Shambani: Je, Mathenge Yaweza Kutupa Mafuta?

Hotuba ya afisa wa kilimo mbele ya baraza la wakulima wa delta ya Tana



Nyinyi wa Ozi hamhitaji kuelezwa chumvi ni nini. Bahari imepanda mtoni ikaingia mashamba ya mpunga. Kwa hiyo swali lenu ni la haki: kama mpunga umekataa, kwa nini tusiuze ethanoli ya mmea unaostahimili chumvi?

Ethanoli si ngeni Pwani. Mgema akigema mnazi, utamu ule ukilala hugeuka tembo, kwa kuwa hamira imekula sukari ikaacha pombe. Kiwanda hufanya hivyo hivyo, kisha huchemsha na kukinga mvuke mpaka kipatikane kitu cha kuwasha jiko au kuchanganywa na petroli. (Vijana, hiyo ya jiko haionjwi.)

Mmea wenyewe mnaujua, na wengi mnauchukia: mathenge. Uliletwa Bura miaka ya 1980, na mwaka 2008 serikali ikautangaza gugu hatari. Lakini huvumilia chumvi kuliko mazao yetu, na maganda yake yana sukari, ile ile inayoozesha meno ya mbuzi. Watafiti wameshapata ethanoli humo. Kuni zake na nyasi za chumvi ni kazi nyingine: sukari imefungwa ndani ya nyuzi, na kuifungua ni gharama kubwa.

Sasa nisikilizeni vizuri. Sisemi mtu apande mathenge. Tuvune ulioko. Ukipandwa utavamia malisho, na hakuna bei ya maganda itakayomfidia mfugaji. Maganda yasagwe pale pale yanapookotwa. Tukiyapakia kwa lori yakiwa mazima, tutakuwa tumeipanda barabara nzima. Na mikoko isiguswe, maana ndiyo inayoikinga nchi kavu na bahari.

Mwekezaji akija, muulizeni kwanza: unanunua maganda, au unataka ardhi? Wakulima walioambiwa wapande jatrofa walivuna wakakosa mnunuzi. Na ardhi ya jamii haitolewi kwa saini ya mzee mmoja. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inataka mkataba kama huo upitishwe na theluthi mbili ya watu wazima wa jamii, mkutanoni, akina mama wakiwemo.

Nimemaliza. Nawasikiliza, tuanze na wafugaji.