Nauli Nafuu na Dhima Yake

Tangu mwaka 1983, serikali ilipoyaruhusu magari ya watu binafsi kuchukua abiria jijini Dar es Salaam kwa kuwa mabasi ya Shirika la Usafiri Dar es Salaam (UDA) hayakutosheleza tena haja ya umma, daladala imekuwa tegemeo la raia wa kipato haba, ambaye kwa nauli ndogo hutoka Mbagala alfajiri akawahi kazi yake Kariakoo. Na fadhila hiyo haifai kukanushwa. Lakini asili ya madhila ya daladala nayo ni dhahiri: dereva na kondakta wake aghalabu hawana mshahara maalumu, bali hutakiwa kila jioni kumkabidhi mwenye gari hesabu iliyokwisha kukadiriwa, na kinachosalia baada ya mafuta ndicho riziki yao. Ndiyo sababu gari hushindiliwa watu, hukimbizwa bila hadhari, na safari hukatishwa kabla ya kituo cha mwisho. Na mwanafunzi, kwa kuwa nauli yake ni pungufu, huzuiwa mlangoni, jambo ambalo naliona kuwa dhuluma kubwa kuliko zote. Faini pekee hazitaiondoa dhiki hii. Wenye magari na wawaajiri watu wao kwa mkataba na mshahara, na mamlaka zinazotoa leseni zilisimamie sharti hilo.