Goti Hupona Nyumbani: Mada kwa Wahamasishaji wa Afya ya Jamii, Londiani

Nimeombwa nizungumzie kupona baada ya upasuaji wa goti. Upasuaji wenyewe nitawaachia madaktari wa mifupa wa Kericho, Tenwek na kwingineko, maana ni kazi yao na wanaijua. Mimi nitaanzia pale gari linapomshusha mgonjwa kwenye lango la boma lake, akiwa na magongo mawili na mfuko wa dawa. Kuanzia hapo yuko mikononi mwenu.

Mwaka jana nilimtembelea bibi mmoja, kogo kama tunavyosema huku, aliyewekewa goti la bandia. Nilimkuta jikoni karibu na moto, mguu uko juu ya stuli, na chini ya goti pamewekwa mto mnene. Wajukuu waliuweka kwa upendo, kwa sababu goti likikunjika kidogo maumivu hupungua. Alikuwa amekaa hivyo wiki tano. Tulimlaza kitandani, nikauondoa mto, nikamwomba alishushe goti liguse godoro. Halikushuka. Chini yake ungeweza kupitisha ngumi.

Kosa hili nimeliona katika nyumba nyingi kuliko kosa lingine lolote. Wiki za mwanzo ndizo kovu la ndani linapojijenga, na hujijenga kwa umbo lile goti linalokaa. Lisiponyooka mapema, mtu hutembea siku zote kama anayepanda mlima, paja likichoka na mgongo ukiuma. Tena kuna jambo ambalo familia hailioni: uvimbe wa goti huuzuia musuli wa mbele ya paja kufanya kazi. Mgonjwa huuamuru mguu uinuke, usiinuke, akadhani daktari amekosea. Musuli huo unangoja kuamshwa.

Kwa hiyo mto ukae chini ya kisigino, si chini ya goti. Taulo iliyokunjwa inatosha. Mgonjwa akaze paja, alisukume goti chini, ahesabu hadi 5, alegeze. Mara 10, kisha arudie mara kadhaa kutwa. Kukunja nako kuna zamu yake: akiwa ameketi, akivute kisigino nyuma taratibu. Wagonjwa wengi wa goti la bandia huwekewa lengo la kufikia nyuzi 90 baada ya wiki mbili hivi, yaani pembe ya mtu aliyekaa vizuri kwenye kiti. Dawa ya maumivu inywewe kama nusu saa kabla ya zoezi, ndipo zoezi lifanyike sawasawa. Goti likiamka asubuhi limevimba kuliko jana, zoezi lilizidi, lipunguzwe, lisiachwe.

Sasa nije kwenye choo, na naomba tusioneane haya. Vitabu vingi vya mazoezi vimeandikwa kwa watu wenye choo cha kukalia. Sisi wengi wetu tuna choo cha shimo, na kuchuchumaa hulitaka goti likunjike karibu mwisho wake. Goti la bandia kwa kawaida hufika nyuzi 110 au 120, basi. Nimeona mama mtu mzima akipunguza kula na kunywa maji ili asiende chooni, na hilo lilimdhoofisha kuliko kidonda. Dawa yake ni fundi seremala: kiti imara cha mbao kilichotobolewa katikati, miguu yake minne mipana, kiwekwe juu ya tundu. Ukutani pigilieni mti wa kushikilia. Kiti hicho kiwe tayari kabla mgonjwa hajaenda kupasuliwa, si wiki moja baada ya kurudi.

Njia ya kwenda chooni nayo ni mteremko, na mvua za huku mnazijua. Mwageni kokoto au vumbi la mbao pale panapoteleza. Geuzeni magongo mtazame raba za chini. Zikiisha meno, gongo huteleza kwenye tope kama sabuni. Wakati wa kupanda, mguu mzima hutangulia. Wakati wa kushuka, mguu uliopasuliwa hutangulia pamoja na magongo. Mfundisheni mgonjwa mkiwa naye palepale kwenye mteremko wake mwenyewe.

Kuhusu uvimbe, hospitali husema barafu, na wengi hawana friji. Londiani iko juu zaidi ya mita 2,200 kutoka usawa wa bahari, na maji ya tangi alfajiri ni baridi vya kutosha. Jazeni ile chupa ya mpira ya maji moto kwa maji hayo baridi, ifungeni kwa kitambaa, iwekeni juu ya goti dakika 15, kidonda kikiwa kikavu na kimefunikwa. Mguu uinuliwe juu ya kiwango cha moyo, ukiwa umenyooka. Kukandwa kwa maji moto, kuchuliwa mafuta na kupakwa dawa za miti juu ya kidonda, hapana. Nawaheshimu wazee wanaojua kukanda, lakini mguu wa chini ukiwa na damu iliyoganda, kuukanda kunaweza kuling'oa donge likapanda hadi mapafuni, na mtu akafa.

Shavu la mguu likivimba na kuuma upande mmoja, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo. Pumzi ikikatika ghafla au kifua kikichoma, msingoje hata saa moja. Kidonda kikitoa usaha au maji yasiyokoma, au homa ikipanda goti likiwa jekundu, mrudisheni kwa waliompasua, wala msimnunulie vidonge dukani. Mwenye kisukari aangaliwe zaidi. Lakini ganzi kidogo pembeni mwa kovu isiwatishe: neva ndogo za ngozi hukatwa katika upasuaji huu, na goti kuwa na joto kwa miezi michache ni kawaida.

Vijana wana tatizo la kinyume. Kericho ndiko alikotoka Wilson Kiprugut, Mkenya wa kwanza kupata medali ya Olimpiki, Tokyo mwaka 1964, na kijana wa huku hapendi kuambiwa akae. Aliyeunganishwa kano la ndani ya goti huacha kusikia maumivu mwezi wa tatu, akarudi uwanjani. Kano hilo jipya bado halijakomaa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, uliofanywa kwa wachezaji wa Norwe, ulionyesha kwamba kila mwezi wa kusubiri, hadi mwezi wa tisa, ulipunguza kwa karibu nusu uwezekano wa kuliumiza tena goti. Walimu wa michezo waambiwe miezi tisa, na paja la mguu ule liwe limerudia nguvu za mwenzake.

La mwisho ni fedha. Familia zetu hufanya harambee, bima ya afya ya SHA ikalipa sehemu yake, upasuaji ukafanyika, kisha mgonjwa akakosa kliniki za fizio tatu mfululizo kwa kukosa nauli ya matatu. Yule kogo alikuwa mmoja wao. Kwa miezi miwili tulifanya mazoezi naye nyumbani, mjukuu wake akiwa msimamizi, na pengo la ngumi likapungua hadi vidole viwili. Halikuisha.

Ninyi ndio mnaoketi katika kamati hizo za harambee. Naomba, bajeti inayofuata mkiiandika, wekeni chini ya gharama ya upasuaji mistari mitatu: kiti cha choo, raba za magongo, na nauli ya fizio ya miezi mitatu.