Mchicha na Mwembe

(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)



Nimeombwa niseme juu ya bustani, na najua wenzangu wa umri wangu wanacheka moyoni. Siku zetu bustani ilikuwa mahali pa adhabu. Ukichelewa paredi, matuta mawili. Ukitoroka kwenda ziwani, matuta manne na kumwagilia wiki nzima. Tulimaliza shule tukijua kulima na tukilichukia jembe. Mimi nimekula mshahara wa bwana shamba miaka yangu yote, kwa hiyo sina haki ya kucheka.

Karema ina habari yake katika jambo hili. Boma la Wabelgiji lilianzishwa mwaka 1879, na mwaka 1885 likakabidhiwa Mapadre Weupe, wakaanza kupokea watu waliokombolewa utumwani. Adrian Atiman, yule mganga ambaye wazee walitusimulia habari zake, mwenyewe alikuwa mtoto mtumwa kutoka nchi za mto Niger. Alifika hapa mwaka 1889 akatibu watu mpaka alipofariki mwaka 1956. Watu wa namna hiyo hawakuwa na ukoo hapa, na asiye na ukoo hana mjomba wa kumkatia shamba. Alilima alipoonyeshwa.

Sasa twende kaskazini, humu humu wilayani kwetu Tanganyika, mpaka Mishamo. Makazi yale yalifunguliwa mwaka 1978 kwa ajili ya ndugu waliokimbia mauaji ya Burundi ya mwaka 1972. Kila familia ilipimiwa hekta 5 za pori la miombo. Walifyeka, wakapanda mahindi, maharage, mihogo na tumbaku, na baada ya miaka michache walikuwa wanajilisha wenyewe na kuwauzia wengine. Mwaka 2007 Serikali iliwafungulia mlango wa uraia, lakini pamoja na mpango wa kuwahamisha na kuwatawanya mikoani. Mpango wa kuhama ulisitishwa baadaye, na mwaka 2014 watu zaidi ya 160,000 wa Mishamo, Katumba na Ulyankulu wakapewa uraia. Lakini fikirini miaka ile saba ya kungoja. Mtu aliyeambiwa atahama hupanda mchicha, kwa kuwa huvunwa baada ya wiki tatu au nne. Hapandi mwembe, ambao ukiotesha mbegu utaungoja miaka mitano au zaidi.

Mimi mwenyewe nililiona hilo kwa udogo wake. Kijiji kimoja, sikitaji, kiliwaazima wajane kumi na mmoja kipande cha ardhi yenye mawe. Niliwafundisha kutengeneza mboji, kutandaza nyasi ili udongo usikauke, kutwanga mbegu za mwarobaini na kunyunyizia maji yake wadudu wanapoingia, na kuacha mita 60 kutoka ukingo wa mto kama sheria inavyotaka, ingawa kubeba ndoo mita hizo si mchezo. Msimu wa tatu nyanya zilikuwa nzuri hata wachuuzi wakazifuata shambani. Msimu wa nne ardhi ikarudishwa kwa "matumizi mengine". Mama mmoja aliniuliza, "Bwana shamba, ulitufundisha sisi au ulitufundisha udongo wao?" Sikuwa na jibu, na mpaka leo linanisumbua.

Kwa hiyo ombi langu, Ndugu Mwenyekiti, ni dogo ila lina uzito. Nyuma ya mabweni kuna ekari mbili zilizolala tangu sisi tuondoke. Bodi ya shule iwape akina mama wasio na ardhi wa kijiji hiki wazilime, kwa maandishi, kwa miaka kumi, mavuno yawe yao. Wanafunzi wakajifunze kwao, na mwalimu wa zamu atafute adhabu nyingine. Najua kuna wazee humu watakaosema ardhi ya shule haigawiwi. Waseme leo, wakati sote tupo.

Kitaluni kwangu nina miche 40 ya miembe iliyobebeshwa. Mvua zikianza Novemba nitaileta, kama karatasi itakuwa imetiwa sahihi.