Nyumba kwanza, barabara baadaye

Msikilizaji, sensa ya 2012 iliikuta Dar es Salaam na watu takribani milioni 4.4, ya 2022 ikahesabu milioni 5.4. Ongezeko hilo linakuhusu vipi? Wengi wanajenga pembezoni, Chanika, Kivule, Chamazi, kabla barabara na bomba havijafika. Maji ni ya madumu, na anayefanya kazi Kariakoo hudamka alfajiri kugombania daladala.

Sasa tutazame upande wa pili. Kiwanja cha huko pembezoni ndicho kilichompa mama ntilie nyumba yake na fremu mbili za kupangisha. Mjini kati, bei asingeiweza. Ila barabara ikija kwa kuchelewa, hupita juu ya fremu hizo hizo. Je, hasara aibebe nani: aliyewahi kujenga, au aliyechelewa kupima viwanja?