Mgongo Usiopona
(Maneno tuliyosema kwenye mkutano wa vikundi)

Asanteni kwa uji. Leo tulipanga kuongea juu ya mbuzi wa maziwa, lakini mmetuomba tuanze na mgongo, kwa sababu ya yule mama tuliyemzika juzi.

Mnakumbuka alivyougua. Miaka miwili analia mgongo na mbavu. Mara akaambiwa ni baridi yabisi, mara ni kubeba maji, mara ni uzee. Akachomwa sindano za maumivu. Akaongezewa damu, ikapungua tena. Alipofika hospitali kubwa, figo zilikuwa zimekufa. Huko ndiko tuliposikia jina maieloma.

Ni saratani ya uboho, pale ndani ya mfupa damu inapotengenezwa. Chembe fulani za kinga huzaana ovyo na kutoa protini isiyo na faida. Mifupa hutoboka, damu hupungua, figo huharibika. Wengi wanaougua wamepita miaka 60. Na hili mlishike: dawa za maumivu kama diclofenac na ibuprofen zinaweza kummaliza figo mgonjwa wa namna hii.

Sasa tusimlaumu bure mhudumu wa dispensari. Ugonjwa wenyewe ni nadra. Anaweza kufanya kazi miaka kumi asiutambue hata mara moja. Atajifunzia wapi?

Mwaka 2003 daktari Sanjeev Arora wa Chuo Kikuu cha New Mexico, Marekani, alikuwa na taabu kama hiyo kwa homa ya ini aina ya C. Wagonjwa walingoja miezi minane kumwona. Akaanzisha mpango wa ECHO. Wahudumu wa mashambani hukutana na mabingwa kwenye skrini, kila mtu akiwa kwake. Mmoja anaeleza mgonjwa wake bila kumtaja jina: umri, maumivu, vipimo. Wenzake wanauliza, mabingwa wanauliza, wanashauriana. Mgonjwa anabaki na daktari wake wa karibu. Ni kama chama chetu tu, mmoja anatoa shida yake na wote wanapata akili. Matokeo yalichapishwa mwaka 2011: wagonjwa walikuwa 407. Waliotibiwa mashambani na magerezani, virusi viliisha kwa asilimia 58.2, wale wa chuo kikuu, 57.5. Siku hizi njia hiyo inatumika kwa saratani pia, maieloma ikiwamo.

Hatusemi skrini inaponya. Dawa kama bortezomib na lenalidomide ni ghali, hilo tunalijua. Lakini mhudumu aliyesikia visa vitano vya wenzake atashtuka akiona mzee ana mgongo usiopona na damu pungufu. Atampima damu, figo na kalsiamu, aagize picha ya mifupa, amtume mbele kabla ya sindano ya kumi.

Kwa hivyo kamati ya afya ikikutana, ulizeni: wahudumu wetu wanapata mafunzo ya namna hii? Kama kinachokosekana ni pesa ya intaneti na saa moja ya nafasi, hilo si kubwa kuliko harambee ya jeneza.

Haya, mwenye swali anyooshe mkono, halafu tuje kwa mbuzi.