Maji ya Kisima cha Nyumbani

Somo letu limetoka katika 2 Samweli 23, mstari wa 13 hadi 17. Kama Biblia iko karibu, ifungue. Kama uko jikoni na mikono imejaa unga, endelea na kazi yako na kusikiliza, kwa maana leo nataka kusema nanyi juu ya chakula.

Hapa kwetu Woodley, kandokando ya Ngong Road, ifikapo Desemba huwatambua wageni waliotoka ng'ambo hata kabla hawajafungua kinywa. Mtaa huu ulibadilishwa jina ukaitwa Joseph Kang'ethe, lakini watu hawakuliacha lile la zamani. Na sasa maghorofa mapya yanachukua nafasi ya zile nyumba za mawe zilizojengwa wakati wa ukoloni. Mgeni hutembea polepole, akitafuta mti aliokuwa akiupanda utotoni. Halafu pua yake hunasa harufu ya mahindi ya kuchoma barabarani, naye husimama pale pale, akasahau alikokuwa akienda.

Nilialikwa katika nyumba moja ya washiriki wetu, nao wameniruhusu kusimulia mradi nisiwataje. Kijana wao alikuwa amerudi kutoka Minneapolis, Marekani, baada ya miaka tisa. Huko alikuwa akitunza wazee katika makao yao, zamu ya usiku. Mama yake alikuwa amemwuliza kwa simu, "Mwanangu, ukija nikupikie nini?" Naye hakutaja nyama wala pilau. Alisema, "Mama, nataka managu ya maziwa, omena, na ugali wa wimbi."

Siku hiyo niliona mtu akila! Alikula kwa mkono, kichwa ameinamisha, hasemi neno. Alipomaliza mara ya kwanza aliongezewa, na mara ya pili machozi yakamtoka. Akatuambia kwamba sukuma wiki huko inapatikana, kwa maana Wamarekani weusi wa majimbo ya kusini wamekuwa wakiipika tangu zamani pamoja na nyama ya nguruwe iliyokaushwa kwa moshi. Unga wa mahindi pia unanunuliwa. "Lakini managu, Mchungaji," akasema, "niliyaota." Sote tulicheka, mama akapiga vigelegele, nikatoa shukrani kwa maombi marefu kidogo.

Ndipo dada yake mkubwa, aliyekuwa akiondoa sahani, akasema bila kumtazama mtu, "Mimi nimepika mboga hizi miaka tisa yote. Sijaona mtu akilia."

Wasikilizaji wangu, chumba kilinyamaza.

Sasa turudi kwa Daudi. Alikuwa pangoni Adulamu wakati wa mavuno. Kundi la Wafilisti limepiga kambi bondeni, na ngome yao iko Bethlehemu kwenyewe, mji aliozaliwa. Daudi akaona shauku, akasema laiti angepata maji ya kile kisima kilicho karibu na lango la Bethlehemu. Hakutoa amri. Ni maneno ya mtu aliye mbali na kwao, basi. Hatuambiwi kwamba pangoni hapakuwa na maji. Hakuwa na kiu ya maji tu. Alikuwa na kiu ya kwao. Lakini mashujaa watatu walimsikia, wakaenda, mwendo wa kama kilomita 20, wakapenya kati ya adui, wakateka maji, wakarudi nayo. Naye Daudi akakataa kuyanywa. Akayamimina mbele za Bwana, akisema hiyo ni damu ya watu waliohatarisha maisha yao.

Nilipokuwa chuo cha theolojia jambo hili lilitugombanisha bwenini. Mwenzangu mmoja alisema kwamba kama angekuwa mmoja wa wale watatu, angekasirika sana: utembee usiku kucha, uponee chupuchupu, halafu mtu amwage maji yako mchangani! Nami nilikuwa upande wake, na bado nadhani alikuwa na haki ya kuuliza. Lakini soma Torati. Katika Kumbukumbu la Torati 12 Waisraeli waliagizwa wasile damu, bali waimwage juu ya nchi kama maji. Basi Daudi alitazama maji akaona damu, akayatendea vile damu inavyotendewa. Hakuyadharau. Ndani ya kile chombo aliona nyuso za watu watatu.

Yule kijana wetu alikuwa ameona managu. Hakuwa ameona nyuso.

Maana managu hayaingii sahanini yenyewe. Mama mboga anayewauzia huamka saa tisa usiku, akapanda matatu hadi Soko la Wakulima mjini, pale tunapopaita Marikiti, akabeba gunia lake kabla hakujapambazuka. Huuza katika Soko la Toi, na Toi ninyi mnaijua: iliungua Machi 2019, ikaungua tena Oktoba 2024, na kila mara watu walirudi kupigilia misumari kwenye mabati yaliyokunjamana. Kisha dada ndiye anayechambua majani moja moja, akachemsha, akatia maziwa, akalaza usiku mpaka uchungu upungue, akapasha tena asubuhi. Kazi ya siku mbili, na kuliwa ni dakika kumi. Na siku ambazo mgeni hayupo hupika vivyo hivyo, tena akimgeuza mama kitandani, kwa kuwa mama alikuwa na mwaka mmoja mgumu sana ambao kijana aliusikia kwa simu tu.

Mnamkumbuka ndugu mkubwa katika Luka 15, aliyesema hajapewa hata mwana-mbuzi. Sisi wahubiri tumemchapa mno mtu huyo. Mimi nasema baba yake hakumchapa. Aliacha karamu, mgeni wake na ndama wake mnono, akatoka nje kumsihi.

Na kijana wetu alifanya hivyo. Aliinuka mezani akaenda jikoni. Nasi tulibaki sebuleni tukijifanya tunazungumza habari za mvua. Walikaa huko muda mrefu. Baadaye aliniambia mwenyewe kwamba dada alimweleza yote, bila kupunguza. Naye akamweleza dada habari ambazo hakuwa ameziandika: jinsi fedha zile za kila mwezi, zilizolipa dawa za mama na karo ya watoto wa dada, zilivyotoka katika zamu za usiku, Krismasi nane mfululizo, akibadilisha shuka za wazee wasiojua jina lake. Dada alikuwa akidhani fedha za Marekani huokotwa. Alizipokea kwenye simu, akanunua unga, akalalamika kwamba zimechelewa.

Kumbe kila mmoja alikuwa amekunywa maji ya mwenzake miaka tisa bila kuuliza yametekwa wapi.

Labda msikilizaji mmoja anauliza: je, mgeni asile basi? Amwage mboga? La, ndugu yangu, mboga za mama hazimwagwi. Nehemia aliwaambia watu waende wakale vinono, na wawapelekee sehemu wale wasioandaliwa kitu. Nawe ukiwa mgeni mwaka huu, kula. Omba uongezwe. Lakini ulizia ni nani aliyeamka. Nawe uliyebaki nyumbani, usikae na neno lako miaka tisa mpaka liponyoke ukiwa umeshika sahani. Liseme mapema, tena uulize pia habari za baridi ya huko.

Jumamosi iliyofuata saa kumi na moja alfajiri niliwaona wawili hao wakielekea Toi, kijana amebeba kikapu, wakibishana juu ya bei ya nyanya kama watoto. Alipoondoka kurudi Minneapolis, ndani ya sanduku lake alikuta mfuko wa kunde zilizokaushwa. Dada alikuwa amezianika juu ya bati juma zima, wala hakuna aliyemwomba.

Tuombe. Bwana Yesu, wewe uliyewaandalia wanafunzi wako samaki juu ya makaa kando ya bahari, uwakumbuke asubuhi hii akina mama walio Marikiti na magunia yao, na vijana wetu wanaotoka zamu ya usiku katika nchi za baridi. Amina.