Kabla ya Kununua Franchaizi ya Kuandaa Ritani za Kodi



Ofisi yetu imepewa wajibu wa kulinda haki za walaji, na mara nyingi tunapokutana na wakazi huzungumzia bidhaa mbovu, mikopo ya riba kubwa au simu za matapeli. Leo tumechagua bidhaa ya namna nyingine, nayo ni biashara yenyewe. Mtu anayenunua haki ya kuendesha biashara ni mnunuzi sawa na anayenunua gari, na aghalabu fedha anazotoa huzidi bei ya gari. Kwa hiyo anastahili kulindwa, na anapaswa kujilinda.

Tutazungumzia franchaizi za kuandaa ritani za kodi hapa Marekani. Biashara hii huwavutia wahamiaji wengi, na sababu yake inaeleweka. Kila mwaka wakazi hulazimika kuwasilisha ritani kwa Mamlaka ya Mapato, IRS. Wengi wao hawakisomi Kiingereza cha fomu zile kwa urahisi. Hapo mtu mwenye elimu kidogo ya hesabu, anayesema Kiswahili, Kilingala au Kinyarwanda, huambiwa: watu wako wapo, wanakuamini, kilichobaki ni jina kubwa juu ya mlango. Maneno hayo yana ukweli ndani yake, ndiyo maana tunaomba yapimwe kwa makini.

Unachonunua hasa

Katika franchaizi kuna pande mbili. Upande mmoja ni mwenye jina, yaani kampuni inayomiliki nembo, programu ya kompyuta na utaratibu wa kazi. Upande wa pili ni mwenye duka, yaani wewe. Unalipa ada ya kuingia, kisha kila mwaka unalipa mrabaha, mara nyingi pamoja na mchango wa matangazo. Duka ni lako, pango ni lako, wafanyakazi ni wako, na madeni ni yako.

Tunaomba mkumbuke jambo moja kuliko mengine yote tutakayosema: kwa kawaida mrabaha huhesabiwa juu ya mauzo, wala si juu ya faida. Mwenye jina hupata chake hata mwaka ambao mwenye duka amepata hasara.

Tuchukue mfano wa kubuni, kwa ajili ya hesabu tu. Duka limehudumia wateja 200, kila mmoja amelipa dola 250. Mauzo ni dola 50,000. Mrabaha wa asilimia 15 ni dola 7,500, na mchango wa matangazo wa asilimia 5 ni dola 2,500. Pango la dola 1,500 kwa mwezi, kwa miezi 12, ni dola 18,000. Mishahara ya wasaidizi wa msimu ni dola 14,000. Bima, umeme, intaneti na bango ni dola 6,000. Jumla ya matumizi ni dola 48,000. Zimebaki dola 2,000. Iwapo ada ya kuingia ililipwa kwa mkopo unaodai dola 800 kila mwezi, marejesho ya mwaka ni dola 9,600. Mwenye duka ana upungufu wa dola 7,600, na bado hajajilipa hata senti moja kwa kazi yake. Mwenye jina amepokea dola 10,000, mbali na ada ya kuingia.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hesabu ya namna hii ifanywe kwa tarakimu za mtaa wako kabla ya kusaini chochote.

Msimu mfupi, matumizi ya mwaka mzima

IRS hufungua msimu wa ritani mwishoni mwa Januari, na tarehe ya mwisho kwa watu wengi ni Aprili 15. Mapato ya duka yanabanwa katika wiki zisizofika 12, ilhali mkataba wa pango huwa wa miezi 12. Tena, kwa mujibu wa sheria, fedha za kurudishiwa wanaodai nafuu ya kodi ya wafanyakazi wa kipato cha chini haziwezi kutolewa kabla ya katikati ya Februari. Hao ndio wateja wengi wa maduka haya, na wengi huomba ada ya huduma ikatwe katika fedha hizo. Kwa hiyo kazi huweza kufanyika Januari na malipo yakaonekana mwishoni mwa Februari. Katika baadhi ya mifumo, fedha hupita kwanza mikononi mwa mwenye jina, naye hukata chake ndipo apeleke kilichobaki.

Ushindani nao ni mkubwa. Sheria ya shirikisho haimtaki mwandaaji wa ritani afanye mtihani. Mwaka 2014 mahakama ya rufaa mjini Washington ilithibitisha kwamba IRS haikuwa na mamlaka ya kulazimisha jambo hilo. Majimbo machache, kama Oregon na California, yana masharti yake, lakini kwingineko mtu mwenye namba ya mwandaaji, PTIN, anaweza kuweka meza jirani yako. Isitoshe, watu wa kipato cha wastani hupata msaada wa bure kupitia vituo vya VITA. Basi jiulize: iwapo wateja watakuja kwa sababu wanakufahamu wewe, jina lile linakuongezea nini?

Mambo yasiyo mikononi mwako

Hatari nyingine hutoka mbali na duka lako, nayo haizuiliki kwa bidii wala kwa uaminifu wako.

Kwa miaka mingi maduka haya yalivutia wateja kwa mikopo ya haraka iliyodhaminiwa na fedha za kurudishiwa. Mwezi Agosti 2010 IRS ilitangaza kwamba, kuanzia msimu uliofuata, haitawapa tena waandaaji na benki alama iliyoonyesha kama fedha za mteja zingezuiliwa kwa ajili ya deni. Benki nazo zikaanza kujitoa katika mikopo hiyo kwa shinikizo la wasimamizi wao. Mei 2011 kampuni ya Jackson Hewitt, mojawapo ya majina makubwa katika kazi hii, iliomba kinga ya mahakama ya ufilisi. Ilitoka miezi michache baadaye na inaendelea na kazi hadi leo. Fundisho tunalolichukua ni hili: bidhaa iliyomvutia mteja inaweza kuondolewa na uamuzi wa benki au serikali, na mkataba wako ukabaki palepale.

Mfano wa pili ni mzito zaidi. Novemba 2013 mahakama ya shirikisho huko Ohio iliamuru kampuni iliyouza franchaizi za Instant Tax Service, yenye makao yake Dayton, iache kabisa biashara hiyo. Serikali ilikuwa imeishtaki kwa udanganyifu katika ritani na kwa ada zilizowaumiza wateja. Tafakarini hali ya mwenye duka mwaminifu aliyenunua jina lile kwa akiba yake: msimu unakaribia, na jina limefutwa kwa amri ya mahakama.

Wajibu wa kisheria nao haununuliwi wala kuhamishwa pamoja na jina. Kila anayeandaa ritani kwa malipo lazima aisaini na aweke namba yake ya PTIN. Namba ya kuwasilisha ritani kwa mtandao hutolewa na IRS baada ya kumchunguza mwombaji, na haiwezi kuuzwa pamoja na duka. Asiyefanya uchunguzi unaotakiwa kabla ya kumdaia mteja nafuu fulani hutozwa faini kwa kila kosa. Msaidizi wako akiongeza mtoto asiyekuwapo ili fedha za mteja ziongezeke, atakayehojiwa kwanza ni wewe, na atakayedaiwa na IRS ni jirani yako aliyekuamini.

Mlango wa kutokea

Wanunuzi wengi husoma mkataba wakitafuta namna ya kuingia. Tunawashauri muanze na kurasa zinazoeleza namna ya kutoka.

Mikataba mingi ya aina hii humtaka mwenye duka anayeondoka akabidhi majalada ya wateja na hata namba ya simu ya duka. Pia humzuia kufanya kazi hiyo hiyo karibu na hapo kwa muda, mara nyingi miaka 2. Maana yake ni kwamba watu wa kanisani kwako, wa msikitini kwako na wa jengo unaloishi, waliokuja kwa sababu yako, wanahesabiwa kuwa wateja wa mwenye jina. Ukiondoka, huruhusiwi kuwahudumia.

Angalieni pia dhamana binafsi. Hata ukiunda kampuni yako ndogo, mkataba unaweza kukutaka wewe, na pengine mwenzi wako, mdhamini deni kwa mali zenu. Duka likifungwa, mrabaha wa chini uliokubaliwa kwa miaka iliyobaki unaweza kuendelea kudaiwa. Familia inayotarajia kutumia akiba ya karo za watoto au ya kujenga nyumbani inapaswa kulijua hilo mapema, na walijue wote wanaohusika, wala si yule mmoja anayesaini.

Haki yako ya siku 14

Sheria imekupa silaha moja nzuri. Kanuni ya Franchaizi ya Tume ya Biashara ya Shirikisho, FTC, iliyoanza kutumika mwaka 1979 na kurekebishwa mwaka 2007, inamlazimisha muuzaji akupe waraka wa taarifa angalau siku 14 kabla hujasaini mkataba wala kulipa fedha. Waraka huo una vipengele 23. Tunataja vile visivyofaa kurukwa.

Kipengele cha 3 kinaeleza kesi, na cha 4 kinaeleza kufilisika. Vya 5, 6 na 7 vinataja ada na makadirio ya mtaji wote wa kuanzia. Cha 12 kinaeleza kama eneo lako limelindwa, au kama mwenye jina anaweza kufungua duka jingine ng'ambo ya barabara. Cha 17 kinaeleza kuvunja na kuhuisha mkataba. Cha 19 ndicho pekee kinachoruhusu ahadi ya mapato: muuzaji akikutajia kiasi utakachopata, na kiasi hicho hakimo humo, hiyo ni dalili mbaya. Cha 20 kinaonyesha maduka yaliyofunguliwa, yaliyofungwa na yaliyobadili wamiliki, pamoja na namna ya kuwapata waliomo na walioondoka mwaka uliopita. Cha 21 kina hesabu za fedha za mwenye jina.

Hata hivyo, msiichukulie kanuni hii kuwa muhuri wa serikali. FTC haikagui waraka huo wala haiuthibitishi. Pia mnunuzi hawezi kumshtaki muuzaji mahakamani kwa kutumia kanuni hiyo ya shirikisho peke yake, ingawa baadhi ya majimbo yana sheria zinazompa nafasi hiyo. Majimbo kama Minnesota, Maryland na California yanataka franchaizi zisajiliwe kabla ya kuuzwa. Ulizeni katika jimbo lenu.

Ushauri wetu

Kwanza, wapigie simu walioondoka, wala usiishie kwa wale uliotajiwa na muuzaji. Waulize walihudumia wateja wangapi mwaka wa kwanza, walibaki na nini baada ya mkopo, na kwa nini waliondoka. Kuuliza si ujinga. Akikujibu mmoja kwamba mkataba unamkataza kusema, hilo nalo ni jibu.

Pili, maelezo ya mdomo kwa Kiswahili yasichukue nafasi ya maandishi ya Kiingereza. Mikataba mingi ina kifungu kinachosema hukutegemea ahadi yoyote iliyo nje ya maandishi. Mueleze muuzaji aandike kila alichoahidi. Akisita, nawe sita.

Tatu, mpelekee waraka mwanasheria anayejua franchaizi na mhasibu asiyelipwa na muuzaji. Ada yao ni ndogo ukilinganisha na miaka ya kudaiwa.

Nne, fanya kazi msimu mmoja katika ofisi ya ritani, au jitolee katika kituo cha VITA ambako mafunzo hutolewa bure. Utajua kama kazi unaiweza, na kama wateja wapo kweli.

Tano, ukishinikizwa kusaini kabla ya siku 14 kwisha, kwa madai kwamba eneo litachukuliwa na mwingine, acha lichukuliwe.

Ndugu zetu, wapo waliopata riziki halali katika kazi hii, na hatukuja kuwavunja moyo. Kuwasaidia majirani kutimiza wajibu wao wa kodi ni kazi ya heshima. Imani waliyo nayo kwenu ni mtaji mlioujenga kwa miaka mingi. Yeyote anayewataka mlipe ili mwutumie chini ya jina lake, mwacheni kwanza aoneshe kwa maandishi kile atakachowaongezea, na kile kitakachobaki mikononi mwenu siku mtakapoachana naye.